Land Rover Series III: kabureta inakula petroli, geji mbili zinapanda pamoja. Naomba ushauri

Mkulima_109: Wakuu, habari za leo. Nina Land Rover Series III ya chasisi ndefu, injini ya petroli ya lita 2.25, kabureta ya Zenith 36 IV, ninayoitumia kati ya Iringa mjini na shambani Kilolo. Injini ikishapata joto silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, moshi mweusi hutoka, na plagi hujaa masizi, ingawa skrubu ya mchanganyiko nimeikaza hadi mwisho bila kuona tofauti yoyote. Isitoshe, baada ya mwendo mfupi mshale wa joto na wa mafuta hupanda kwa pamoja: tangi lenye nusu huonekana limejaa, na injini huonekana inakaribia kuchemsha ilhali maji ya rejeta yametulia. Fundi ananishauri ninunue geji zote mbili na kabureta mpya. Je, nimsikilize?

Waya_Mwekundu: Mkuu, geji usinunue hata moja. Zinapodanganya kwa pamoja, tafuta kitu zinachochangia, nacho ni kidhibiti cha volti kilichofungwa nyuma ya paneli ya geji, ambacho kazi yake ni kuushusha umeme wa betri hadi wastani wa volti 10. Ndani yake mna kipande cha metali mbili kinachopinda kwa joto na kukata umeme, kisha kikapoa na kuurudisha, kwa hiyo mita ya mshale ikiunganishwa hapo inapaswa kurukaruka. Ukiona volti 12 zinazopita bila kukatika, ama kimeganda ama hakipati athi (muunganisho na bodi ya gari). Toa waya wa betri, sugua kutu mahali kinaposhikizwa, kisha upime tena kabla ya kutoa fedha. Ingepanda geji ya joto peke yake, ningeanza na sensa yake.

Gereji_Kongwe: Naunga mkono, na kabureta nayo usiitupe. Skrubu isipoleta mabadiliko, maana yake petroli inapita njia nyingine. Ondoa kichujio cha hewa, washa injini iwe kwenye silensa, uchungulie kooni mwa kabureta: petroli ikidondoka kutoka kwenye mdomo mkuu, uso wa mfuniko na kile kipande chenye jeti (vitundu vya kupimia petroli) umepinda, au oringi (pete ya mpira ya kuzibia) iliyo kati yake imekufa. Ugonjwa huu wa Zenith ni wa kawaida sana, na mara nyingi huletwa na mafundi wanaokaza skrubu za mfuniko kwa nguvu zote. Laza msasa laini juu ya kioo kinene, sugua uso taratibu mpaka alama za msasa zienee kote, puliza vijitundu vyote kwa hewa, kisha funga gasketi na oringi mpya. Sindano ya boya, ile inayozuia petroli kuingia kabureta ikijaa, iangalie wakati huohuo.

Nyanda_za_Juu: Tusisahau kwamba huko juu hewa ni nyepesi, hivyo mchanganyiko huzidi petroli hata kabureta ikiwa nzima. Hata hivyo, hilo pekee haliwezi kuifanya skrubu isisikie kabisa.

Mkulima_109: Nashukuru, wakuu. Kidhibiti kimepima volti 12 mfululizo. Nimesafisha athi na mishale yote miwili imeshuka. Kuhusu oringi, ya bomba la maji yenye kipimo kilekile itafaa?

Gereji_Kongwe: Hapana. Mpira wa aina hiyo huvimba ukikaa kwenye petroli. Tafuta ya nitrili au ya Viton, mipira inayovumilia petroli.