Manyoya yamechemshwa kama matumbo, flai zimerudishwa, na anayekatwa pesa ni mimi

Wadau, nisameheni mapema. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika na hasira zangu zote.

Kazi yangu ni kufunga flai za kuvulia samaki, hapa Kangemi, miaka 17 sasa. Kwa wasioijua: zile ndoano zilizovishwa manyoya ambazo wazungu huvulia mtoni hazitoki kwenye mashine. Ni mtu na jiliwa lake dogo mezani, bobini mkononi, anafunga moja, anaitoa, anashika nyingine. Nyingi zinafungwa hapa Kenya na kupelekwa Ulaya na Marekani, ila ukimwambia jirani yako unafanya hivyo anadhani unamzungusha. Tunalipwa kwa dazeni.

Wiki iliyopita nimerudishiwa dazeni 22 za strima, zile flai za kuiga samaki mdogo. Ishirini na mbili! Zilikuwa za kwenda Sweden, kwa watu wanaovua samaki wa samoni. Broka ndiye anayetuletea ndoano, uzi na manyoya kwa mkopo, ndiye anayechukua flai, na ndiye anayekata. Amenitumia ujumbe wa mstari mmoja: "Bawa halichezi, mteja amekataa, gharama ya manyoya itakatwa kwako." Basi. Hata hujambo hakuna.

Bawa halichezi. Bawa ndilo lile fungu la manyoya juu ya ndoano. Ndiyo, halichezi, na ninajua kwa nini. Tena yeye anajua kuliko mimi.

Strima si flai ya kuiga mdudu. Inaiga samaki mdogo anayeogelea, kwa hiyo uhai wake wote uko kwenye manyoya. Ndiyo maana tunatumia ya singa, laini kabisa: mkia wa mbweha mweupe wa kaskazini, sungura, kondoo wa Iceland mwenye sufi ndefu. Mkia wa mbweha una tabaka mbili. Juu kuna manyoya marefu yenye kung'aa, chini kuna sufi nzito kama malaika ya kifaranga. Ukikata fungu, unalichana kwa kitana, unatoa karibu nusu ya ile sufi, unabakiza kiasi cha kusukuma yale marefu yasilale. Fungu lenyewe lisizidi njiti ya kiberiti kwa unene. Watu wanaoanza hufunga mafungu manene wakidhani wanampa mteja mali nyingi, kumbe wanamfungia brashi ya viatu.

Uzuri mwingine wa manyoya laini ni kwamba yanakubali kubanwa. Mkia wa kulungu wa Amerika, ule unaofungiwa strima iitwayo Clouser Minnow, una nywele zenye uwazi ndani karibu na shina. Ukikaza uzi pale zinatawanyika kama ufagio. Mbweha hafanyi hivyo. Anakazika, kichwa cha flai kinatoka kidogo kama mbegu ya mtama, unapaka vanishi mara mbili na kazi imekwisha. Lakini kwenye maji makali laini peke yake hulala chini yote, kwa hiyo unatanguliza nywele chache ngumu zaidi chini yake, kama kigingi. Nawaambia haya mjue kwamba siyo kwamba sijui kufunga. Najua!

Sasa njooni mezani kwangu. Baada ya ule ujumbe nilichukua strima moja iliyorudishwa na nyingine niliyofunga mwaka jana kwa mkia mzuri, nikazitumbukiza kwenye glasi mbili za maji. Nikashika kila moja kwa kipande cha mshipi, nikavuta kidogo, nikaachia. Ile ya mwaka jana ilijibana ikawa nyembamba kama dagaa, nikiachia ikafunguka polepole, nikivuta ikajibana tena. Ungedhani inapumua. Hii ya juzi ilisimama vilevile kama kijiti cha meno. Mtoto wangu wa darasa la nne aliyekuwa anafanya homuwaki pembeni akasema, "Hiyo moja imekufa." Mtoto wa darasa la nne!

Nikarudi kwenye masalio ya ile mikia. Ngozi yake imejikunja na kukakamaa kama kigaga. Sufi ya chini imeshikana ikawa jamvi, kitana hakipiti. Nikivunja unyoya mmoja karibu na sikio nasikia unakatika. Hayo ni manyoya yaliyopikwa, ndugu zangu. Rangi ya manyoya huingizwa kwa maji ya moto yenye siki, moto wa wastani, kwa subira. Mtu mwenye haraka anayaacha yatokote kama matumbo ya Jumamosi, rangi inaingia chapuchapu, inang'aa vizuri kwenye picha ya WhatsApp, na manyoya yanakufa.

Na hayo ndiyo yaliyokuwa afadhali. Yale ya njano nilipoyatilia shaka nikawasha kiberiti. Manyoya ya mnyama yakiungua hunuka kama nywele kwa kinyozi, yakabaki majivu unayoyasaga kwa vidole. Haya yaliyeyuka, yakadondoka, yakaacha shanga ngumu nyeusi, na harufu ya mfuko wa plastiki jikoni. Akriliki tupu! Na kwenye karatasi ya hesabu yangu yameandikwa "mbweha", kwa bei ya mbweha. Sina ugomvi na manyoya bandia, yana kazi zake na wapo wateja wanaoyataka. Ugomvi wangu ni kuuziwa punda kwa jina la farasi, halafu nikalipishwa na nyasi.

Najua kuna mtu anakuja kuniuliza: mbona hukukagua kabla ya kufunga? Niseme ukweli. Mkia wa kwanza nilipoushika nilihisi vidoleni kwamba kuna kitu. Ulikuwa unakwaruza. Nikajiambia labda ni baridi, labda ukilowa utalegea. Ada ilikuwa inadaiwa, na ukirudisha mali kwa huyu jamaa unakaa wiki tatu bila kazi, wenzako wanapewa. Kwa hiyo nikafunga. Hilo ni kosa langu nalibeba. Lakini mbona nalibeba pamoja na lake?

Nilimpigia. Unajua alinijibu nini? Kwanza akasema hali ya hewa ya Nairobi ndiyo imekausha manyoya. Halafu akashusha sauti: kama nataka manyoya marefu laini kweli, kuna mtu anaweza kunitafutia mbega, yule kima wa msituni mwenye manyoya marefu.

Mbega! Hapo ndipo nilipokata simu. Ni kweli zamani ilikuwapo hiyo. Sunray Shadow, ile strima ndefu nyeusi aliyoitunga Mwingereza Ray Brooks, mwanzoni ilifungwa kwa manyoya ya mbega. Leo tunaifunga kwa mbuzi na inavua samaki vilevile. Kenya ilifunga uwindaji 1977, mwaka uliofuata ikafunga na biashara ya ngozi na mapambo ya wanyamapori, na sheria ya 2013 imeongeza ukali. Yaani mtu amenilaza njaa kwa akriliki, sasa anataka kunilaza na rumande kwa mbega. Na nikishikwa mimi, namba yake itakuwa haipatikani.

Kitu kimoja kinanichoma zaidi ya hela. Mara moja tu maishani nimewahi kuona flai yangu ikifanya kazi. Miaka kadhaa nyuma binamu yangu wa Nyeri, anayebebea wageni mizigo kwenye mito ya Aberdare, alinichukua hadi mto Gura, huko walikopandikizwa samaki wa trauti mwaka 1905. Mgeni mmoja alikuwa na strima ya sungura, kijani cha zeituni, na nikaitambua kwa jinsi nilivyomalizia kichwa, maana kila fundi ana mkono wake. Aliitupa ng'ambo, ikabebwa na mkondo, ikafika nyuma ya jiwe ikaanza kujinyonganyonga. Nikaona kivuli kinanyanyuka kutoka chini. Sikumwambia yule mgeni chochote, ila nilirudi Nairobi kama niliyeshinda uchaguzi. Ndiyo maana nikiambiwa "bawa halichezi" sisikii hesabu ya dazeni, nasikia natukanwa.

Sasa naomba msaada, siyo pole. Mafundi mlioko Nairobi, kuna yeyote aliyepata mikia ya rangi hizi mwezi huu, nyeusi, buluu na njano? Ichomeni kidogo mniambie. Tukiwa watano wenye shanga nyeusi mkononi hatakuwa na la hali ya hewa. Na nyie mnaofuga sungura Thika, Nyeri, Kiambu: zile ngozi mnazotupa baada ya kuchinja, msitupe. Sitafuti za rangi, nataka nyeupe na kijivu, zisizo na matundu ya kisu. Kulainisha kwa chumvi na shabu naweza mwenyewe, na rangi nitapika mwenyewe, kwa moto mdogo. Nalipa taslimu, siyo kwa mkopo. Njooni inboksi.

NYONGEZA, saa nne usiku: ameniandikia. Anasema niufute uzi huu tuongee "kama watu wazima", na kwamba ana dazeni 30 za haraka za kunipa kesho. Nimemuuliza ni manyoya gani. Tiki mbili za buluu, kimya.