Msaada: TV ya chogo ya mama haileti picha kutoka kwenye TV box

Mtoto wa Mkonge:
Habari za jioni wakuu. Niko Pangani kwa mama tangu juzi, jambo dogo limenishinda. Mama ana TV ya chogo, inchi 21. Marehemu baba aliinunua mwaka 1999 kwa kiinua mgongo, alipoacha kazi kwenye shamba la mkonge. Rangi zake hazijachuja hata leo. Nilitaka kumletea TV bapa, akaniambia hii ikifa ndiyo nilete nyingine. Siwezi kubishana naye kwa hilo, na kusema kweli sitaki.

Nimekuja na TV box, kile kiboksi cha kuchezea video kwenye TV, pamoja na flashi yenye video ya harusi ya mdogo wetu wa mwisho. Mama hakuweza kusafiri, mguu ulikuwa umemvimba. Nataka aione harusi yote amekaa kwenye kiti chake, siyo kwa kukodolea simu yangu.

TV haina HDMI, lile tundu la TV za kisasa. Chini ya kioo kuna kifuniko kidogo, ukikibonyeza kinafunguka, na ndani mna matundu mawili tu: la njano na jeupe. Jekundu halipo.

Kwanza nilinunua Tanga mjini waya wenye HDMI upande mmoja na pini tatu za AV (picha na sauti) upande wa pili, 12,000. Muuzaji aliniapia kuwa unafanya kazi. Kioo kikabaki cheusi, sauti hakuna. Kisha nikaona nyuma ya box pana tundu dogo kama la earphone, limeandikwa AV. Nikachukua waya wa kamera yetu ya zamani, unaingia sawasawa. Sauti inatoka safi, taarabu inasikika mpaka uani, lakini picha hakuna: kioo cheusi na mistari myeupe inayorukaruka kila mwimbaji akipandisha sauti. Pini nyekundu inaning'inia, haina pa kwenda. Nakosea wapi? Jumapili narudi Dar.

Kijana wa Ngamiani:
Mkuu, fungua mfuniko wa nyuma uangalie tundu la njano. TV hizo za zamani risasi ya kuunganishia nyaya huwa inaachia, unachomea tu.

Fundi Chumbageni:
Usifungue, nakuomba. Kioo cha chogo kinafanya kazi kwa zaidi ya volti 20,000, na hata ukichomoa waya ukutani umeme unaweza kubaki ndani yake. TV yako ni nzima.

Huo waya wa 12,000 usingefanya kazi popote. HDMI inatoa dijitali, TV yako inajua analojia peke yake, na waya mtupu hauna kitu cha kutafsiri kati yao. Umrudishie muuzaji.

Sasa kwenye ule wa kamera. Angalia pini yake ndogo: ina mikato mitatu, kwa hiyo vipande vinne. Kimoja ni cha picha, viwili vya sauti, kimoja cha ardhi (earth). Kamera nyingi na TV box hazikupanga vipande hivyo sawa. Mistari inayocheza na mwimbaji ndiyo inayokueleza: kwenye tundu la picha umeingiza sauti ya upande wa kulia. Picha yenyewe iko kwenye hiyo nyekundu inayoning'inia! Chomoa njano, chomeka nyekundu kwenye tundu la njano, nyeupe iache ilipo. Na ile HDMI ichomoe kabisa kwenye box, kuna box ambazo hazitoi picha ya AV kama HDMI imechomekwa.

Picha ikija nyeusi na nyeupe au inapanda juu bila kutulia, box inatoa picha kwa mfumo wa NTSC na TV yako ni ya mfumo mwingine, PAL. Ingia kwenye mipangilio ya skrini, ukikuta 480cvbs (hiyo ni NTSC) badilisha iwe 576cvbs (hiyo ni PAL).

Bahari Beach 77:
Kwa wengine ambao box zao hazina tundu la AV: nunueni konveta ya kutafsiri HDMI kuwa AV, kile kiboksi kidogo chenye waya wa USB wa kukipa umeme. Soma maandishi yake kabla ya kulipa, kuna ya HDMI kwenda AV na kuna ya AV kwenda HDMI, na kwa sura ni mapacha. Mimi nilirudi dukani mara mbili. Na kama TV ina tundu la antena tu, tafuta deki ya kanda ya zamani yenye AV ya kuingizia. Unapitisha picha humo, waya wa antena unatoka kwenye deki kwenda kwenye TV, halafu unatafuta chaneli. Deki nyingi zinarusha kwenye 36 au karibu yake.

Mtoto wa Mkonge:
Fundi, Mungu akuzidishie. Nyekundu kwenye njano, picha ikaja hapo hapo! Ilikuwa nyeusi na nyeupe, inapanda juu kama pazia linalovutwa. Nikaisoma menyu hivyo hivyo, nikakuta 480cvbs, nikabadilisha. Ikatulia, rangi zikajaa.

Mama ameangalia tangu alasiri mpaka adhana ya isha. Bibi harusi alipotoka ameshika mkono wa kaka mkubwa, mama akaniambia nisimamishe, akasogeza kiti mbele, akauliza nani alimfunga ushungi ule. Majirani wanne wako sebuleni, tunarudia mwanzo. Pembeni picha inakatwa kidogo, vichwa vya waliosimama kandokando havionekani vizuri. Fundi, hilo nalipunguzia wapi?

Fundi Chumbageni:
Mipangilio hiyo hiyo ya skrini, tafuta ukubwa wa picha, shusha kutoka 100 mpaka 90 hivi. Msalimie mama.