Mvi zimefika na harusi inakuja: rangi ya unga, krimu, hina, au niziache?

MWALIMU WA KAMALONDO
Jambo yenu wote. Nina miaka 44. Mvi ya kwanza niliiona mwaka 2019 kwenye panja la kushoto, nikaing'oa kwa kibanio cha nyusi nikajua tumemalizana. Sasa panja zote mbili zimeshikwa, na pale mbele kitambaa kinapoishia kuna kishungi cheupe, utafikiri nilikuwa nasonga bukari nikajipangusa kwa mkono wenye unga. Wanafunzi wangu wa la sita wameanza kuniita kambo, yaani bibi. Kambo! Mtoto wangu wa mwisho bado hajang'oka hata jino moja.

Mwezi wa nane binti wa yaya yangu, dada yangu mkubwa, anaolewa hapa Lubumbashi. Mimi ndiye mama mdogo, nitasimama mbele na kikwembe cha sare, nitapigwa picha. Yaya amesema wazi: "Usituletee kichwa hicho." (Yeye mwenyewe sijamwona bila wigi tangu Pasaka ya mwaka juzi, lakini tuyaache.) Mume wangu hasemi kitu. Anatazama, halafu anarudi kwenye simu yake.

Nimeshazunguka. Soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, nimekuta rangi nyeusi ya unga, ile ya kukoroga na maji, kwa franka 2,500, na muuzaji aliniapia kwamba nusu saa tu kazi imekwisha. Saluni moja ya mjini wanataka dola 15 kwa rangi ya krimu. Jirani ananisukuma kwenye hina. Njia ya nne ni kukaa kimya na kichwa changu. Aliyepita njia hizi aniambie, lakini aniambie ubaya wake, maana uzuri wake nimeshausikia sokoni.

FUNDI WA NYWELE BEL-AIR
Mwalimu, karibu. Nasuka na kupaka rangi tangu 2007, kwa hiyo nina faida katika jambo hili, ulijue mapema.

Ya unga inashika, sikatai. Shida ni ule weusi wake: ni mmoja kuanzia utosini mpaka kisogoni, na nywele zetu si nyeusi namna hiyo. Simama juani na kioo, utaona zina wekundu ndani. Ndiyo maana aliyepaka ya unga unamjua akiwa bado ng'ambo ya barabara. Kwenye picha za harusi itaonekana kama umevaa kofia.

Krimu tunaikoroga na oksijini, yaani maji ya peroksidi. Kwa mvi naweka ya volumu 20, yaani asilimia 6, kwa sababu unywele mweupe mara nyingi ni mgumu, rangi inateleza juu yake. Naanza kwenye panja, ndiko kunakochelewa kushika, kisogo ni mwisho. Chagua kahawia iliyokolea, usichague nyeusi. Ikipungua weusi unaongeza. Ikizidi, kuitoa ni kazi ya machozi. Bakuli liwe la plastiki, si la chuma, na paka vaselini kwenye paji la uso na masikio, la sivyo utafundisha wiki nzima ukiwa na mpaka mweusi usoni.

Kama unaweka defriza, dawa ya kunyoosha nywele, usifanye vyote siku moja, acha wiki mbili katikati. Kuna mteja alifanya vyote Jumamosi moja nyumbani kwake. Jumatatu alikuja na nywele zake ndani ya mfuko wa plastiki, akaniuliza kama zinaweza kurudishwa.

MZEE WA GÉCAMINES
Mwanangu mwalimu, ziache. Zangu zilitoka nikiwa bado kazini, hakuna aliyenifukuza kwa ajili yake. Mliziona ndevu za Joseph Kabila siku ile ya Januari 2019 anapomkabidhi Tshisekedi nchi? Nyeupe na nyeusi zimechanganyika, na alisimama mbele ya dunia nzima. Siongei siasa, naongea ndevu.

KINYOZI KATUBA
Heshima yako muzee, lakini mwanaume na mwanamke hawapimwi kwenye mizani moja. Wewe ukitoka mvi unapewa kiti. Mama akitoka mvi anaulizwa kama anaumwa.

Na hata wanaume wanasema uongo. Kila Jumamosi jioni napokea wababa wa miaka 50 wanaotaka ndevu nyeusi. Wanaongea chinichini kama watu wanaokopa pesa. Nawapaka, wanatoka wanameremeta kama viatu vya polisi, na siku ya nne nyeupe zimeanza kuchungulia kutoka chini. Mmoja alikuwa anarudi kila Jumatano na Jumamosi. Nikamwambia: papa, tunyoe tu. Sasa ananyoa kipara na ndevu, analipa nusu.

MUUGUZI KAMPEMBA
Naomba msome hii kabla ya kununua chochote. Karibu rangi zote za kudumu zinazofanya nywele ziwe nyeusi, za unga na za krimu, zina dawa ya parafenilenidiamini au ndugu zake. Kwenye boksi itafuteni kwa jina lake refu au kwa kifupi PPD. Ulaya sheria imeiwekea kikomo, isizidi asilimia 2 katika mchanganyiko unaogusa kichwa. Kikopo kisicho na karatasi ya maelezo hakikuambii ni ngapi.

Kuna miili inayoikataa. Huanza na kuwasha nyuma ya masikio na kwenye mpaka wa nywele, kisha kope zinavimba. Nimewahi kumpokea mama ambaye asubuhi alishindwa kabisa kufungua macho, mtoto wake alimshika mkono mpaka kwenye benchi. Na alikuwa amepaka rangi ileile miaka tisa bila tatizo. Hapo ndipo watu wanapokosea: mwili unaweza kuivumilia miaka mingi, siku moja ukaikataa, na ukishaikataa kwa kawaida haubadilishi mawazo.

Kwa hiyo jaribu kwanza. Paka tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko upande wa ndani, ngoja saa 48, ndiyo, siku mbili kamili. Pakiwasha au pakivimba, hiyo rangi si yako. Nyusi na kope msiguse kabisa.

DADA WA KIGOMA
Mimi niko Lubumbashi mwaka wa sita sasa. Kwetu hiyo nyeusi ya unga tunaiita piko, na watu huichukua wakachorea maua mikono ya bibi harusi. Shangazi yangu alichorwa, maua yakageuka malengelenge. Alama anazo mpaka leo, jani kwa jani.

Hina ni kitu kingine. Hina ya kweli ni majani ya mhina yaliyosagwa, unga wa kijani, unanuka kama nyasi zilizonyeshewa. Unakoroga na maji ya uvuguvugu, unaiacha itulie, unapaka nene, unafunga mfuko kichwani, unaendelea na kazi zako masaa kadhaa ukidondoka matope shingoni. Nywele zako nyeusi zitapata wekundu kidogo tu. Mvi zitakuwa rangi ya chungwa. Chungwa kabisa, mwalimu. Na kwa kishungi hicho cha mbele ulichokieleza, utaingia kanisani na taa yako mwenyewe.

Wanaotaka weusi wanapaka nila juu ya hina, hatua ya pili, na siku nzima imekwenda. Ukiona pakiti imeandikwa "hina nyeusi" ya kupaka mara moja tu, igeuze usome nyuma. Mhina hautoi weusi. Mara nyingi humo kuna ile dawa aliyoitaja muuguzi.

KIJANA WA KASAPA
Samahani naingilia. Nina miaka 26 na nina mvi 31, nimezihesabu. Ni mawazo ya masomo? Kuna mtu ananiuzia mafuta ya kitunguu, anasema rangi inarudi.

MUUGUZI KAMPEMBA
Mdogo wangu, kwa sisi watu weusi mvi huanza kwa wastani katikati ya miaka ya 40. Zikija kabla ya 30 ndipo tunasema zimewahi. Mara nyingi ni ukoo, kwa hiyo muulize baba yako alianza lini. Lakini pia nenda ukapime: upungufu wa vitamini B12 unaweza kuzileta, na matatizo ya tezi ya shingo, na sigara inaziharakisha. B12 haimo ndani ya mboga. Kama huko mnakopanga mnakula bukari na lengalenga (mchicha) mwezi mzima, ongeza ndakala (dagaa), mayai, maini. Kitunguu kitie kwenye sufuria.

KIJANA WA KASAPA
Baba alianza na 25. Asante. Habari ya sigara nimeiona pia.

YAYA WA RUASHI
Mwalimu, mdogo wangu, mimi nilipaka miaka 11. Kuna hesabu ambayo muuzaji wa soko la Kenya hawezi kukupa. Unywele unaota karibu sentimita 1 kwa mwezi. Ukipaka leo, baada ya wiki mbili una nusu sentimita nyeupe chini na nyeusi juu, na mstari huo unazeesha kuliko mvi zenyewe. Kwa hiyo hununui rangi ya harusi. Unanunua rangi ya kila wiki tatu mpaka siku utakayochoka, na zidisha hizo dola 15 mwenyewe, wewe ndiye mwalimu.

Mimi nilichoka 2020, wakati wa corona. Sikutoka, sikupaka, nikafunga kitambaa miezi mitano. Miezi hiyo ni mibaya, sitakuficha: kichwa cha rangi mbili, kila kioo unakikwepa. Halafu nikamwambia kinyozi akate nyeusi zote. Zikabaki nyeupe fupi, kama sentimita 5. Jioni ileile jirani alikuja na sura ya msiba, akakaa, akaniuliza polepole ni nani amekufa.

Leo sirudi nyuma. Lakini wewe una mwezi wa nane, hilo ni jambo jingine. Ukiamua kupaka, usipake siku moja kabla ya harusi. Paka wiki moja kabla, ili ikiharibika kuwe na muda wa kulia na kutengeneza.

BINTI WA GOLF
Tantine mwalimu, mimi juzi nimelipa kusukwa rasta za meshi, zile nywele za kuongezea, za kijivu. Tubadilishane vichwa.

FUNDI WA NYWELE BEL-AIR
Hasemi uongo. Mwaka huu meshi za kijivu zinaniishia kabla ya nyeusi.

MWALIMU WA KAMALONDO
Nimerudi baada ya siku nne, na shukrani zangu kwa muuguzi.

Nilijaribu zote mbili. Ya unga nyuma ya sikio la kushoto, krimu nyuma ya la kulia, na nikaandika kwenye daftari la matayarisho ili nisisahau upande gani ni upi. Usiku wa kwanza kushoto kulianza kuwasha. Nikasema ni mbu. Asubuhi sikio lilikuwa jekundu, limesimama, kama la mtoto aliyevutwa na mwalimu wa zamani. Nilifundisha hesabu za sehemu huku nimefunga kitambaa mpaka shavuni. Kulia hakuna kitu, ni doa la kahawia tu, na mume wangu kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze akafungua mdomo: "Umejichora na wino?"

Swali langu: krimu haijaniwasha, naweza kuitumia?

MUUGUZI KAMPEMBA
Hapana, mama. Soma boksi la krimu, utaikuta dawa ileile. Inawezekana ni kidogo tu kuliko ya unga. Nyuma ya sikio umeweka tone, kichwani utaweka bakuli zima. Pole kwa sikio. Osha kwa maji, usilikune, na likizidi kuvimba au ukishindwa kupumua vizuri usingoje kesho, nenda hospitali.

MWALIMU WA KAMALONDO
Basi unga nje, krimu nje, na kwa hina sitaki kuwa chungwa mbele ya wakwe.

FUNDI WA NYWELE BEL-AIR
Njoo nikusuke. Nachukua meshi nyeusi, nachanganya na uzi wa kijivu mmojammoja, zaidi mbele, pale kwenye kishungi chako. Mvi zako zitapotea humohumo, na watakaoziona watadhani umezinunua. Kwenye panja sitavuta, hapo nywele za mtu wa umri wetu zinang'oka haraka. Rasta ndogo ni masaa sita, uje na chakula. Na safari hii situmii hata tone la rangi, faida yangu imekwenda.

MZEE WA GÉCAMINES
Nilisema ziachwe. Zimeachwa kwa gharama.

MWALIMU WA KAMALONDO
Baba, nimekusikia, nitakuletea kipande cha keki.

Nimempigia yaya yangu, mama wa bibi harusi, kumweleza: rasta, za kijivu, zionekane, na kama hataki nitakaa nyuma na wapishi. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza hizo meshi ni bei gani kwa pakiti. Nikamwambia. Akanyamaza tena. Akasema nimwombe fundi amwekee nafasi siku ileile, lakini saa ambayo hakuna wateja wengine, maana wigi likitoka, kuna kitu hajamwonyesha mtu.

FUNDI WA NYWELE BEL-AIR
Jumatatu saa moja asubuhi. Nitafunga mlango.