Mbwa wa marehemu baba hawezi kusimama vizuri, nimsaidieje?

MamaNeema_Machame

Habari za jioni wapendwa. Naomba kusikia kwa watu waliowahi kukaa na mbwa mpaka akazeeka.

Nina dume anaitwa Sultani. Baba alimleta mwaka 2013 ndani ya kikapu cha sokoni, kichwa tu kikichungulia. Ni wa kienyeji, kahawia, sikio moja limelala. Jumapili alikuwa anamsindikiza baba kanisani, anajilaza chini ya mparachichi mpaka ibada iishe, halafu wanarudi wote. Baba alipofariki 2021 akahamia kwa mama. Mama akienda kukata majani ya ng'ombe, Sultani yuko mbele. Mama akiketi kupumzika, naye anaketi. Hakufundishwa na mtu.

Sasa wiki ya tatu miguu ya nyuma inatetemeka akiinuka asubuhi. Sebuleni anateleza, sakafu yetu ni sementi ya kupaka nta. Anakula kidogo sana. Macho yameingia ukungu. Shemeji kasema tumpe sumu tukachukue mwingine. Mama aliposikia hivyo hakuongea na mtu mpaka usiku. Jirani naye ananiambia nimpe nusu kidonge cha diklofenaki. Nimekishika mkononi hapa, naogopa.

Babu_Mbauda

Mwanangu, hicho kidonge kiweke chini. Dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki na ibuprofeni, humtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Nilipoteza jike langu zuri kwa kosa hilo hilo, na niliyemwamini alikuwa muuza duka.

Nimefuga mbwa zaidi ya miaka thelathini hapa Arusha. Miaka kumi na kitu kwa mbwa ni uzee, lakini uzee hauji kwa wiki tatu. Kinachokuja kwa wiki tatu mara nyingi ni ugonjwa. Kwa hiyo leo hii mfunue mdomo utazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, damu imepungua. Kisha mpekue kupe ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia. Anayekwenda kwenye majani kila siku hakosi kupe, na homa ya kupe humlegeza mbwa miguu na kumkatia hamu ya chakula. Mwite daktari wa mifugo aje nyumbani, usimtembeze.

Wakati unamsubiri, shona gunia ulijaze majani makavu ya migomba, umlaze hapo. Sementi humtoa vidonda viwikoni. Likilowa, badilisha majani. Akishindwa kuinuka, pitisha kanga kuukuu chini ya tumbo, karibu na miguu ya nyuma, umnyanyue taratibu huku akijikaza mwenyewe. Sebuleni tandika mkeka. Kucha nazo zitazame: zikirefuka, mbwa anasimamia kucha badala ya nyayo, ndiyo maana anateleza. Kata ncha tu, ndani kuna mshipa wa damu.

Uji wa dona na dagaa, kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Kitunguu usiweke, humharibia damu.

Ukungu wa macho usikutishe sana, pua yake bado inamjua mama.

Zuhura_Pongwe

Pole dada. Sisi kwetu mbwa haingii ndani ya nyumba, lakini marehemu babu alikuwa na wawili wa kulinda minazi, na alikuwa mkali mno kwa mtoto atakayewarushia jiwe. Alitusimulia kisa cha yule mtu aliyemchotea maji kwa kiatu mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake. Mpaka leo naweka bakuli la maji nyuma ya banda. Mwambie shemeji sumu ni mateso, mbwa anakufa kwa degedege. Hata ikifika mahali hakuna namna, daktari ana sindano ya kumlaza kwa utulivu.

Mifugo_Kwanza

Nyongeza tu. Neema kama ni mdogo, asimkumbatie Sultani siku hizi. Mbwa mwenye maumivu huuma hata anayempenda. Chanjo yake ya kichaa iko hai? Isipitilize muda. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

MamaNeema_Machame

Shikamoo Babu, na asanteni wote. Samahani kwa kimya cha siku kumi.

Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi. Kupe nilitoa 23, wengi ndani ya lile sikio lililolala. Daktari alikuja kesho yake kwa pikipiki, akachukua damu, akasema ni homa ya kupe pamoja na viungo vya uzee. Ametupa doksisaiklini ya siku 28. Kumeza ilikuwa vita, mpaka mama akagundua anakubali kidonge kikifichwa ndani ya ndizi iliyoiva. Kwa mkono wa mama tu, nikimpa mimi anakitema. Chanjo ilikuwa imepita miezi minne, daktari kasema atamchoma akipata nguvu.

Kanga tulitumia siku sita. Siku ya saba nilisikia mama anaita huko nje, nikatoka mbio nikidhani amekufa. Kumbe amesimama mwenyewe mlangoni kwa ng'ombe, miguu imetanuka, mkia unapiga ubao. Shemeji alikuwepo, hakusema kitu, ila jioni alileta gunia la majani makavu.

Kwenye majani bado haendi. Mama akichukua panga, anamfuata mpaka kwenye mfereji, anakaa hapo, anamngoja arudi.

Babu, swali moja limebaki: dawa ya kuogesha kupe, mbwa mdhaifu hivi anaogeshwa sasa au nisubiri amalize vidonge?

Babu_Mbauda

Marahaba. Subiri amalize. Kwa sasa mpekue kwa mkono kila jioni, na lile sikio lililolala lianze.