Mtoto hapewi yai kwa sababu mama hajui, au kwa sababu kuku si wake?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila semina ya lishe inaishia pale pale: "akina mama wapewe elimu." Mimi napinga.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale nyama, samaki au mayai kila siku. Kila siku, si Idi na Krismasi. Tanzania tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, tuna maziwa makuu matatu na bahari. Lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na zaidi ya nusu wana upungufu wa damu. Iringa iliongoza kwa udumavu, karibu asilimia 57, zikifuata Njombe na Rukwa. Mikoa hiyo hiyo inayotulisha.

Mama anajua. Msimamishe yeyote anayetoka kliniki, atakutajia makundi ya vyakula bila kukwama. Kinachomshinda ni kwamba kuku si wake, na hata akiwa wake, yai ni pesa. Tetea wa kienyeji anataga mayai 10 hadi 15, anatamia, anaangua, anarudia mara tatu au nne kwa mwaka. Ukila mayai umekula vifaranga, na vifaranga ndiyo sare ya shule, ndiyo nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Mama akichukua yai moja kiotani hakuna anayeona. La tatu ataulizwa. Na kuku akichinjwa, ujue kaja mgeni. Paja la mgeni, firigisi ya baba, mtoto anachovyewa tonge kwenye mchuzi, halafu wote tunasema leo kala kuku.

Tupige hesabu. Dukani kwetu yai la kisasa ni shilingi 400, lina kalori kama 70. Kwa 400 hiyo hiyo napimiwa robo kilo ya sembe, kalori karibu 900, watoto wawili wanalala wameshiba. Mzazi mwenye 400 saa moja usiku hahitaji semina ili achague.

Serikali nayo, kwenye mkataba wa lishe iliousaini na wakuu wa mikoa, imezitaka halmashauri zitenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto chini ya miaka mitano. Mayai mawili na nusu. Najua fedha hizo si za kununulia mayai, ila mpate picha ya ukubwa wake.

Karibuni mnipinge.

Ngosha wa Ziwani

Umesahau dagaa. Huku wanaanikwa mchangani, wanafungwa kwenye magunia, malori yanapakia kwenda kusagwa chakula cha kuku. Samaki wa bei nafuu kuliko wote analiwa na kuku wa mjini ili mjini wapate mayai. Hilo nalo ni kosa la mama?

Muuguzi Nyanda za Juu

Mleta mada, nusu nakubali. Niko zahanati, napima watoto. Elimu inahitajika, ila tunaipeleka kwa mtu asiye na sauti ndani ya nyumba. Nikimaliza kumweleza binti wa miaka 19, anarudi kwa mama mkwe anayemwambia mtoto akila yai atachelewa kuongea. Ujauzito wake aliambiwa asile mayai, mtoto atazaliwa hana nywele.

Lingine ambalo nyie wa hesabu hamlioni ni muda. Msimu wa kulima mama anatoka alfajiri, mtoto anabaki na bibi na chupa ya uji mweupe. Nyama ndiyo kabisa: "hana meno, atatafuna nini?" Dagaa wanaogopwa, eti miba. Nikiwaonyesha kwamba dagaa wanatolewa vichwa, wanaoshwa mchanga, wanakaangwa wakauke kisha wanatwangwa mpaka wawe unga, kijiko kimoja kwenye uji, wengine wanashangaa kabisa. Kwa hiyo usiniambie wanajua. Kutaja makundi ya vyakula si kujua kupika kwa mtoto wa miezi minane.

Pingamizi

Kabla hatujaanza kugawa mayai nchi nzima: Ecuador walijaribu, matokeo yakatoka 2017. Watoto wa miezi 6 hadi 9 walipewa yai moja kila siku kwa miezi sita, udumavu ukapungua karibu nusu. Kila mtu akashangilia. Malawi wakarudia jaribio hilo wilayani Mangochi, matokeo yakatoka 2019: urefu haukubadilika. Kule wako kando ya ziwa, watoto wengi tayari walikuwa wanakula samaki. Yai linamsaidia aliyekosa. Mtoto anayeharishwa kila mwezi na maji machafu, mpe trei nzima, atabaki pale pale.

Mleta mada

Pingamizi, Mangochi inaniunga mkono: kitoweo kinachopatikana jirani kwa bei ndogo kinaliwa, bila mtu kuhamasishwa. Iringa si Mangochi.

Muuguzi, la dagaa wa kutwanga nalichukua, hiyo ni elimu ya mikono, si ya mabango. Ila hata hapo lazima kiwepo cha kutwanga. Ningekuwa na fungu la halmashauri ningeanza na chanjo ya mdondo, ugonjwa wa kuku ambao wengine wanauita kideri, maana ukipita kijijini haubakizi kuku, na mwenye kuku watatu hawezi kula yai. Chanjo hiyo ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu. Kuku wakiwa 15, yai la mtoto halionekani kama wizi.

Swali kwako: huko kwenu kwenye ng'ombe wa maziwa, pesa ya kituo cha kukusanyia maziwa inaingia kwa jina la nani?

Muuguzi Nyanda za Juu

La mume, na simu ni yake. Lakini hayo ni maziwa ya asubuhi. Ya jioni hayapelekwi kituoni, hayo anaamua mama mwenyewe. Na wengi wanayauza kwa jirani, mtoto anapewa chai ya rangi. Hapo utasemaje?