Kempavani iliyotumika: niagize Japani, Uingereza au Ujerumani?

Njia Ndefu (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikilinganisha masoko matatu ninayoweza kuagizia kempavani iliyotumika, yaani vani yenye kitanda na jiko ndani, na sasa ninahitaji macho ya wengine kabla sijatuma fedha. Ninakoishi magari hupita upande wa kushoto wa barabara, umeme wa majumbani ni volti 230, na ubora wa dizeli hutofautiana kutoka kituo kimoja hadi kingine. Tutakuwa watu wawili, na tunataka kitanda cha kudumu, jiko, na betri inayoweza kulisha taa na friji kwa siku mbili.

Japani inanivutia kwa sababu ya Toyota HiAce yenye usukani wa kulia. Uingereza nayo ina usukani wa kulia, na umeme wake unafanana na wetu. Ujerumani ina wingi wa magari marefu yaliyojengwa juu ya Fiat Ducato, yenye nafasi ya kutosha hata kusimama wima ndani, ila usukani uko kushoto. Je, ninyi mngetanguliza kigezo kipi?

Mkono wa Kulia

Ndugu Njia Ndefu, wengi huutazama usukani na kuusahau mlango. Usukani wa kushoto mtu huuzoea, ingawa kulipita lori kunamtaka abiria awe macho ya dereva. Mlango wa kuteleza wa Ducato iliyojengwa kwa barabara za Ujerumani uko ubavu wa kulia, kwa hiyo ukiegesha kando ya barabara kwenu utashuka moja kwa moja kwenye njia ya magari. Hauwezi kuhamishwa, kwa sababu jiko, kabati na kitanda vyote vimepangwa kuufuata. Taa kubwa nazo zimeelekezwa kumulika ukingo wa kulia na zitamsumbua dereva anayekuja mbele, lakini hizo zinabadilishika.

Kuhusu kumbukumbu za gari, Uingereza inanipa imani zaidi. Historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa usalama wa gari, inasomeka bure mtandaoni: utaona maili zilizosomwa kila mwaka, sababu za gari kufeli, na tahadhari alizoandika mkaguzi. Mwenye subira ataona neno kutu likianza kama tahadhari ndogo, kisha likirudi kila mwaka kwa uzito zaidi, kwani chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi hula chasisi taratibu. Japani utapewa karatasi ya mnada yenye daraja na mchoro wa gari. Ukikuta R au RA, fahamu kwamba gari limewahi kutengenezwa baada ya ajali.

Fundi wa Nyaya

Naongeza upande wa umeme. Kempavani ina mifumo miwili: ule wa volti 12 unaotoka kwenye betri ya sehemu ya kuishi, ambao hausumbui popote, na ule wa kuchomeka kwenye umeme wa nje. Gari la Japani limetengenezewa volti 100, hivyo chaja, maikrowevu na kiyoyozi chake vitaungua ukivichomeka kwenye 230. Dawa ni kung'oa vyote hivyo pamoja na soketi na kufunga vipya, si kubeba transfoma nzito maisha yote. Ni kazi ya siku chache kwa fundi anayejua, nami nisingeiacha HiAce nzuri kwa ajili hiyo.

Gesi inahitaji umakini zaidi. Kempavani nyingi za Japani hutumia majiko madogo ya mikebe ya gesi, kwa hiyo hazina mabomba marefu ya kuvuja. Za Ulaya zina mabomba hadi kwenye jiko, friji na hita, na viungio vya mitungi havifanani kati ya nchi na nchi. Hapa Ujerumani inastahili sifa: ukaguzi wa gesi unaoitwa G 607 una kijitabu chake na hurudiwa kila baada ya miaka 2. Muuzaji akikosa kijitabu hicho, muulize sababu.

Kama dizeli yenu haina uhakika, jihadharini na injini mpya za Ulaya. Dizeli ya Ulaya ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa kila milioni, na vichujio vya masizi vya injini hizo vimeundwa kwa mafuta ya namna hiyo. HiAce ya petroli, ambayo namba ya modeli yake huanza na TRH, inakuondolea hofu hiyo yote.

Paa Lisilovuja

Wenzangu wamesema kweli, lakini naomba mnisikilize kuhusu unyevu, kwa sababu ndio ulionigharimu. Gari langu la kwanza nililinunua kwa picha. Lilikuwa lile lenye sanduku la nyumba lililojengwa juu ya chasisi, na injini yake haikuwa na kasoro hata moja. Lilipofika nilibonyeza ukuta chini ya dirisha la nyuma na kidole kikazama kama kwenye mkate. Fremu ya mbao iliyo ndani ya ukuta ilikuwa imeoza kutoka kwenye kona ya paa hadi sakafuni, na muuzaji alikuwa amebandika karatasi mpya ya ukutani juu yake. Tulibomoa ukuta wote wa nyuma.

Maji huingia kwenye viungo, pale paa linapokutana na ukuta na kuzunguka madirisha na matundu ya hewa, kwa kuwa ulimbo wa kuzibia hukauka na kupasuka kwa miaka. Hayaonekani ndani hadi mbao zimekwisha. Kisha gari hufungwa na kusafirishwa baharini kwa wiki kadhaa bila hewa, na ukungu hustawi. Ndiyo maana, kwa mtu asiyeweza kwenda mwenyewe kulitazama, napendekeza vani ya bati iliyogeuzwa kuwa nyumba badala ya sanduku lenye viungo vingi. Bati litapata kutu, lakini kutu utaiona.

Lipa mkaguzi huru aende na kipima unyevu. Asilimia 15 kushuka chini ni salama, kati ya 15 na 20 ni ya kuuliza maswali, na ikizidi 20 mimi huondoka. Usidhani kwamba MOT imekuangalizia hayo, maana inakagua gari la barabarani tu na haigusi nyumba. Karatasi ya mnada ya Japani nayo husemea zaidi bodi na injini, kwa hiyo omba picha za ndani ya kabati zote za juu, hasa pembeni.

Nahodha wa Gati

Kuhusu meli: nauli ya meli za magari hupigwa kwa meta za ujazo, na tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. HiAce ya kawaida yenye urefu wa meta 4.695, upana wa 1.695 na kimo cha 1.98 inakaribia meta za ujazo 16. Ducato yenye urefu wa meta 5.99, upana wa 2.05 na kimo cha 2.52 inakaribia 31. Paa lililoinuliwa na tundu la hewa huhesabiwa pia. Ukifikiria kontena refu la kimo cha juu, mlango wake una kimo cha takriban meta 2.58, na Ducato hiyo yenye tundu la hewa inaweza kugota pale inapopanda.

Ondoa mitungi ya gesi, na usiache vyombo ndani. Mwisho, soma hati inasema gari ni la aina gani. Forodha huweka kempavani katika kundi la 8703 na magari ya mizigo katika 8704, na ushuru unaweza kutofautiana. Uingereza kuna vani nyingi zenye kitanda na jiko ambazo hati bado inaziita vani za kawaida. Mpe wakala wa forodha nakala ya hati kabla ya malipo.

Njia Ndefu

Nawashukuru sana. Ujerumani nimeiondoa kwa sababu ya mlango, ingawa ile nafasi ya kusimama wima naiacha kwa masikitiko. Nitatafuta HiAce ya petroli nchini Japani, nami nimekubali kwamba tutainama kidogo tukipika. Tayari ninayo moja machoni, daraja 4, bila R. Kesho ninaomba picha za ndani ya kabati, na nikizipata nitazileta hapa ili ndugu Paa Lisilovuja azitazame pembe kwa pembe.