Pikapu ya zamani ya propeni: F-250 ya 1979, C20 ya 1977 au nifunge mfumo kwenye F-150?

Mpakia_Mizigo
Wakuu salaam. Natafuta pikapu ya zamani ya kazi, si ya maonyesho. Zimebaki tatu:
1. Ford F-250 ya 1979, injini 460 (inchi za ujazo), propeni tupu, yaani gesi ya kimiminika, tangi liko kwenye bodi nyuma ya kabini.
2. Chevrolet C20 ya 1977, injini 350, propeni na petroli.
3. Ford F-150 ya 1985, silinda sita za mstari (300), petroli. Hii ningeifungia mfumo wa gesi baadaye.
Bei zinakaribiana. Ipi? Mwenye F-250 anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Mzee_wa_Spana
Uko jimbo gani? Tangi lina kibati cha mtengenezaji? Unapiga maili ngapi kwa wiki? Na nani karibu yako anajaza propeni kwenye tangi la gari? Sisemi duka la kubadilishana mitungi ya kuchomea nyama. Bila hayo tunapiga ramli.

Mama_Pistoni
Namba 3, bila kuangalia pembeni. Ile six ya 300 haifi. Kemshafti inazungushwa kwa gia, haina mnyororo wa kukatika, na ukifungua boneti unaona ardhi pande zote mbili. Ya 1985 bado ni ya kabureta, kwa hiyo mikisa ya gesi (kifaa cha kuchanganya gesi na hewa) inakaa pale bila kugombana na kompyuta ya sindano zilizokuja 1987.

Mzee_wa_Spana
Mama Pistoni, kila mada wewe jibu lako ni six ya 300. Hata mtu akiuliza trekta.

Mama_Pistoni
Hata trekta ingefaa.

Hesabu_Kwanza
Kabla ya injini, hesabu. Galoni ya propeni ina BTU (kipimo cha nishati ya joto) kama 91,500. Ya petroli ina 114,000 na ushee. Gari inayokwenda maili 12 kwa galoni ya petroli tegemea 9 kwa propeni. Maana yake petroli ikiwa dola 3.00, propeni ikizidi 2.25 unapata hasara kila ukijaza. Na uliza bei ya kujaziwa tangi la gari, kwa sababu mafuta ya barabarani yana kodi yake na majimbo mengine yanataka kibandiko. Bei ya propeni ya kupashia nyumba si bei yako.

Mpakia_Mizigo
Asanteni. Niko Minnesota, upande wa St. Cloud. Mizigo ni mbao na jenereta. Muuzaji wa F-250 anasema tangi ni la galoni 60. Kibati sijaangalia.

Mzee_wa_Spana
Basi anza na tangi, injini baadaye. Tangi la ASME (kiwango cha Marekani cha matangi ya shinikizo) halina tarehe ya kuisha kama mtungi wa forklift, ila kibati lazima kisomeke: mtengenezaji, namba, ujazo, shinikizo la usanifu (250 au 312 psi). Kisiposomeka, mjazaji anayejua kazi yake atakukatalia, na huwezi kwenda kuchapisha kingine mtaani. Galoni 60 ni za maji, gesi ni 48 tu, yaani asilimia 80, ili kimiminika kipate nafasi ya kutanuka joto likipanda. Tangi la umri huo huenda halina kizuizi cha kukata lenyewe likifika 80. Hapo mjazaji hufungua skrubu ndogo ya kupimia, na ukungu mweupe ukianza kuruka anafunga. Kama anayejaza hajui skrubu hiyo iko wapi, ondoka.

Legeza mikanda ya tangi uangalie chini yake. Chumvi ya barabara za Minnesota hukaa hapo, na kutu ya pale haionekani ukiwa umesimama.

Kisauni_1
Minnesota na baridi ile, gesi itatoka kweli? Hasi 30 mtu anafunga gesi kwenye gari?

FundiJoto
Itatoka. Propeni huchemka nyuzi hasi 42 za Selsiasi. Kwa hasi 30 tangi linabaki na psi 10 hivi juu ya shinikizo la hewa, wakati siku ya nyuzi 20 lina zaidi ya 100. Tena kinachotoka ni kimiminika kupitia bomba linalofika chini ya tangi, kinakwenda kugeuzwa gesi kwenye regulata kwa maji moto ya injini. Kuwasha asubuhi ni rahisi kuliko kabureta ya petroli, hakuna petroli ya kuosha kuta za silinda. Bonyeza kitufe cha kupraimu (kuingiza gesi kidogo kabla ya kuwasha) mara moja, piga selfu. Ukibonyeza mara tano umeilowesha mwenyewe.

Shida ya regulata ni maji, na watu hawaelewi hili. Kuna C20 iliyoletwa gereji na historia ya ajabu: Januari inakwenda vizuri, Julai inazima barabarani baada ya dakika ishirini. Mwenyewe alishabadilisha plagi, waya, koili, kifuniko cha distributa, na kichujio kilichomo kwenye vali ya kukata gesi. Ikizima, akingoja nusu saa inawaka tena kama haijawahi kuumwa. Mafundi wawili walimwambia gesi ni chafu. Dawa ilikuwa kufungua boneti injini ikiwa inafanya kazi chini ya mzigo: regulata nyeupe pe, barafu imeota hadi kwenye mpira wa gesi, na hapo nje joto ni nyuzi 32. Aliyefunga mfumo alichukua maji ya regulata mfululizo na hita ya kabini, baada ya vali ya hita. Januari dereva anawasha hita, maji yanapita. Julai hita imezimwa, vali imefungwa, regulata haipati tone la maji moto, propeni inaendelea kunyonya joto la chuma mpaka kila kitu kinaganda. Tiba: viunganishi viwili vya T, regulata ipate njia yake yenyewe sambamba na hita, ikae chini kuliko usawa wa juu wa radieta ili hewa isijikusanye ndani, na thermostati ifanye kazi. Zaidi ya mipira, vibano na zile T hakuna kilichonunuliwa.

Kwa hiyo ukienda kuiona hiyo F-250, iendeshe nusu saa HITA IKIWA IMEZIMWA, halafu ushike regulata. Iwe moto. Chini ina plagi ya kumwagia, ifungue injini ikiwa imezimwa, bado ina joto, na gesi imefungwa tangini. Mafuta meusi kidogo ni kawaida. Yakija mengi kama lami, andaa seti ya vipuri ya kuirudishia diaframu mpya.

Mama_Pistoni
Maelezo mazuri, lakini tatizo hilo ni la ufungaji, si la gesi. Kwenye 300 mipira yote unaifikia umesimama.

Hesabu_Kwanza
Swali kwa mwenye mada: 460 imefungwa mikisa gani? Kama ni modeli ya IMPCO 425, sawa. Ukikuta 225 juu ya 460 imekabwa koo, mlimani na mbao utajuta. Na 460 ya miaka ile ina mgandamizo wa 8 kwa 1 tu, wakati propeni yenye okteni 104 ingefurahia 10.5 au zaidi. Unanunua okteni usiyoitumia.

Mzee_wa_Spana
Kubadilisha pistoni kwa ajili ya kubeba mbao? Mwache. Taimingi inatosha: propeni inataka moto uanze mapema kidogo kwenye mzunguko wa chini, halafu nyongeza ya juu ipunguzwe. Gepu ya plagi inchi 0.035, waya wazima. Waya mmoja ukivujisha cheche, moto unarudi kwenye mikisa na kupasua kichujio cha hewa.

Namba 2 mimi ningeikwepa. Mafuta mawili ni mzigo wa kabureta mbili. Ukitumia gesi miezi mitatu, petroli inakauka kwenye bakuli, gaskiti zinasinyaa, siku ukibadili inavuja juu ya manifoldi yenye moto.

FundiJoto
Napinga. Minnesota vijijini usiku, kituo cha propeni kimefungwa saa kumi na moja jioni. Petroli ndiyo inakurudisha nyumbani. Iendeshe kwa petroli dakika kumi kila wiki, basi.

Ila angalieni siti za vali. Gesi ni kavu, na siti laini za chuma cha kichwa zinaliwa, hasa za ekzosi. Tapeti za haidroli zinaficha ugonjwa mpaka zimalize nafasi yake, ndipo vali inabaki wazi na mgandamizo unashuka. Pima silinda zote injini ikiwa ya moto.

Kisauni_1
Swali la pembeni. Mtu akimaliza nayo, anaweza kuileta Mombasa? Mzee wangu angeipenda sana.

Hesabu_Kwanza
Kenya haiingii. Usukani uko kushoto, na gari haliruhusiwi likizidi miaka minane.

MtuWaUbungo
Dar tumeshahamia gesi asilia, hayo ya propeni mnajisumbua. Bajaji, teksi, hata pikapu.

FundiJoto
Si kitu kimoja, ndugu. Gesi asilia ni methani kwenye mtungi wa bar 200, haiwi kimiminika, na ikivuja inapaa. Propeni ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa kwenye shimo la gereji. Regulata, mtungi, mikisa, vyote tofauti. Na mtungi wa jikoni huko nyumbani una butani nyingi, ambayo kwa hasi 1 tu haichemki. Ukiijaza Minnesota ungesukuma gari.

MtuWaUbungo
Minnesota iko kwenu. Ubungo hakuna hasi 1.

Mpakia_Mizigo
Muuzaji wa F-250 ametuma picha. Kibati kipo lakini kimepakwa rangi ya fedha pamoja na tangi zima. Nikisugue kwa brashi ya grainda?

Mzee_wa_Spana
USITHUBUTU. Herufi hazina kina, grainda inazifuta na tangi linakuwa chuma chakavu. Paka dawa ya kuondolea rangi, ngoja, sugua kwa brashi ya nailoni. Na yeye ndiye afanye hivyo kabla hujatoa hela. Mikisa ni ipi? Hujajibu. Na maili kwa wiki pia.

Mama_Pistoni
Anayepaka tangi zima bila kufunika kibati amepaka na nini kingine? Zumu hiyo picha kwenye vali ya usalama. Kofia ya mvua ipo?

Mpakia_Mizigo
Kofia ndiyo kitu gani?